Mizinga Imeondoka, Mwangwi Umebaki

Aliyepata kulinda lindo la usiku hahitaji kufundishwa kwamba ukimya una sauti. Askari kijana anapopangiwa zamu yake ya kwanza hudhani kuwa kazi yake ni kutazama. Baada ya saa moja ya giza hutambua kwamba macho hayamfai kitu, na kwamba sikio ndilo mlinzi wa kweli. Vyura wa bondeni hulia kwa pamoja hata mtu akasahau kuwa wanalia. Lakini wakinyamaza ghafula upande mmoja, mlinzi hushika bunduki yake barabara, maana kuna kiumbe anayepita pale. Mlio wa namna hiyo, usiosikika mpaka ukatike, ndio ninaotaka kuuzungumzia leo, ingawa ilinibidi kuvuka bahari kubwa ili niufahamu vema.

Mimi ni askari mstaafu ninayeishi kando ya mji wa Jinja. Kwa miaka 22 nilipiga tromboni katika bendi ya jeshi, na hata sasa nikifumba macho naliona bega la mwenzangu aliyenitangulia katika gwaride. Mwezi wa Septemba mwaka 2023 nilikwenda Marekani, katika jimbo la Washington lililo kaskazini-magharibi kabisa, mpakani mwa Kanada, kumtembelea mwanangu wa pili anayeishi katika mji wa Seattle.

Sina budi kukiri kwamba safari hiyo ilikuwa na jambo la kusuluhishwa. Kijana huyu tulimsomesha kwa jasho. Alihitimu ufundi wa umeme, akapata kazi ya mchana yenye heshima. Lakini usiku, badala ya kulala au kutafuta mke, hukaa mbele ya kompyuta akitengeneza kitu anachokiita muziki wa mvumo. Si wimbo, kwa kuwa hauna maneno wala tuni. Si ngoma, kwa kuwa hauna mapigo. Ni sauti moja, au sauti chache zilizoshikana, zinazoendelea kwa dakika ishirini, thelathini, au hata saa nzima, zikibadilika polepole kama rangi ya mbingu wakati wa magharibi.

Aliponitumia kipande chake cha kwanza kwa simu, nilimjibu kwamba friji yetu inapiga muziki huohuo bure, tena bila kusomea. Hakunijibu. Kwa karibu mwaka mzima hakunitumia kingine, na mazungumzo yetu yakabaki ya salamu na fedha za dawa. Mama yake ndiye aliyeniambia, "Mzee, umemvunja moyo mtoto. Nenda ukamsikilize."

Siku chache kabla sijaondoka, kijana aliniletea ombi moja la ajabu: nimnasie kwa simu sauti za nyumbani. Hakutaka nyimbo wala hotuba, bali sauti tu. Nikamnasa jogoo, nikanasa kinu cha jirani, na alasiri moja mvua ilipokuja niliweka simu barazani nikanasa kishindo chake juu ya mabati kwa dakika nne. Katikati ya kazi hiyo mama watoto alipita mbio akipiga kelele, "Nguo zangu kambani!" Nilidhani ameniharibia, lakini nikaituma vivyo hivyo.

KUVUKA MAJI

Seattle ni mji uliozungukwa na maji. Ghuba iitwayo Puget Sound imeingia ndani ya nchi ikatawanyika katika visiwa, rasi na mikono mingi ya bahari, kiasi kwamba watu huenda kazini kwa vivuko kama sisi tuendavyo kwa basi. Jumamosi asubuhi tulipanda kivuko kikubwa kilichobeba magari tumboni, tukafika kisiwa cha Bainbridge kwa muda wa dakika 35. Kijana hakukaa ndani kwenye viti. Alisimama ngazini, karibu na mashine, ameshika kinasa sauti kidogo kilichovishwa manyoya kama paka.

Nilimwuliza manyoya hayo ni ya nini. Akanieleza kwamba upepo ukipiga kipaza sauti kitupu hutoa ngurumo mbaya inayofunika kila kitu. Manyoya huuvunja upepo kabla haujafika, lakini huacha sauti ipite. Alikuwa akinasa mngurumo wa mashine za kivuko ukipita katika chuma cha sakafu. Nilitega sikio. Kweli kulikuwa na noti ndani yake, noti nene ya chini, na juu yake nyingine nyembamba iliyokuja na kutoweka.

Kutoka Bainbridge tulikwenda kwa gari katikati ya misitu ya misonobari mirefu, tukavuka daraja la Hood Canal. Daraja hilo halina nguzo za kusimama chini ya bahari, kwa sababu maji ni ya kina kirefu mno. Linaelea juu ya maboksi makubwa ya zege. Tarehe 13 Februari 1979 dhoruba ililivunja, nusu yake ya magharibi ikazama, na ikawa kazi ya miaka kulirudisha. Tulipolipita bahari ilikuwa shwari kama uji uliopoa.

Baada ya saa mbili hivi tangu kuondoka Seattle tukafika Port Townsend, mji mdogo wenye majumba mazuri ya karne ya kumi na tisa. Waliojenga majumba hayo walitumaini kwamba reli kuu ingefika kwao na kuufanya mji kuwa bandari mashuhuri. Reli hiyo haikufika, fedha zikakimbia, na majumba yakabaki. Mwendo mfupi tu mbele ya mji huo ndipo ilipo ngome tuliyoiendea, nayo huitwa Fort Worden.

NGOME ISIYOPIGANA

Nafsi ya askari haidanganyiki. Nilipouona uwanja wa gwaride, mpana na wa kijani, nyumba za maofisa zimepangwa mstari mmoja upande huu na mabweni ya askari upande wa pili, mgongo wangu ulinyooka wenyewe. Jeshi la Marekani liliitumia ngome hii kuanzia mwaka 1902 hadi 1953. Ilikuwa moja ya ngome tatu, pamoja na Fort Flagler na Fort Casey, zilizowekwa kama mafiga matatu kulinda mlango wa Puget Sound, ili meli ya adui isipite kuifikia miji na gati za jeshi la majini zilizoko ndani. Ilipewa jina la John Worden, ofisa wa majini aliyeiongoza manowari ya chuma Monitor katika vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1862.

Nyuma ya uwanja kuna kilima cha mizinga. Humo wahandisi walimimina zege kwa wingi wa kutisha: kuta nene, maghala ya risasi na baruti, na vijia vya chini kwa chini visivyoona jua. Baadhi ya mizinga yake ilikuwa ya werevu mkubwa. Iliinuka juu ya ukuta, ikapiga, kisha kwa nguvu ya kurudi nyuma ikajishusha yenyewe na kujificha ili wapigaji waijaze tena bila kuonekana. Hata hivyo, haikupata kumpiga adui hata siku moja. Adui hakuja. Ndege za vita zilipozaliwa, ngome ya namna hiyo ikawa kama ngao ya ngozi mbele ya bunduki. Mizinga mingi ilipelekwa Ulaya katika Vita Kuu ya Kwanza, na iliyosalia ikaondolewa baadaye. Mwaka 1973 mahali hapa pakawa hifadhi ya jimbo, wazi kwa wananchi wote. Wapenzi wa sinema huenda wamepaona bila kujua, maana filamu ya An Officer and a Gentleman, iliyotoka mwaka 1982, ilipigwa hapa.

Nilidhani tumekuja kuangalia zege. Mwanangu alinipeleka mahali pa nyasi tupu, akanionyesha ardhi. "Baba," aliniambia, "chini ya miguu yako ndiko muziki wangu ulikotoka."

SEKUNDE 45

Chini ya ardhi ya Fort Worden limo tangi la zege lililojengwa kuhifadhi maji ya ngome. Lilikuwa na nafasi ya galoni milioni mbili, yaani zaidi ya lita milioni saba na nusu. Maji yalipoondolewa likabaki giza, nguzo nyingi, na mwangwi. Mtu akipiga kofi moja humo ndani, sauti yake haifi mpaka zipite sekunde 45. Msomaji, tafadhali tazama saa yako na uhesabu sekunde hizo huku ukikumbuka kofi moja, nawe utaelewa ajabu yake. Sauti hairudi vipande vipande kama tunavyoisikia mlimani. Huenea laini pande zote hata mtu asijue ilianzia wapi.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1988 wanamuziki watatu waliteremka ndani yake kupitia tundu dogo. Mmoja alikuwa mama mmoja aitwaye Pauline Oliveros, mpiga akodiani. Wa pili, Stuart Dempster, alikuwa mwalimu katika chuo kikuu cha Washington, na nilifurahi kusikia kwamba alikuwa mpiga tromboni kama mimi. Wa tatu aliitwa Panaiotis, aliyeimba kwa sauti yake. Walikuta kwamba hawawezi kupiga upesi, maana kila noti iliyopigwa ilikaa hewani ikiisubiri inayofuata. Ikawabidi wapige kidogo na kusikiliza sana. Muziki huo ulitoka katika sahani mwaka 1989 kwa jina la Deep Listening, lenye maana mbili kama lilivyo neno letu "kina": kusikiliza kwa makini kabisa, na kusikiliza ukiwa futi 14 chini ya ardhi. Dempster alirudi tangini humo na wapiga tromboni wengine, na kazi yao ikatolewa mwaka 1995.

Oliveros alizaliwa Houston, Texas, mwaka 1932. Alipotimiza miaka 21 mama yake alimpa zawadi ya kinasa sauti. Alikiweka dirishani kikanasa yaliyokuwa yakitokea nje, na alipokisikiliza akakuta kimesikia mambo ambayo yeye mwenyewe, aliyekuwa amekaa palepale, hakuyasikia. Tangu siku hiyo akajiwekea amri ya kusikiliza kila kitu wakati wote, akaishi nayo mpaka alipofariki mwaka 2016. Nilipoelezwa hayo nilikumbuka vyura wa lindo langu, nikaona kwamba mama huyu, bila kuvaa sare, alikuwa amejipangia zamu isiyo na mwisho.

Wala hakuwa peke yake. Huko Ufaransa, Pierre Schaeffer alitengeneza mwaka 1948 kipande cha muziki kwa sauti za garimoshi zilizonaswa stesheni. Mwingereza Brian Eno naye alitoa Music for Airports, muziki wa kutulia uliokusudiwa kukaa katika chumba kama mwanga wa taa, usimlazimishe mtu kuusikiliza wala usimkataze. Na huo mvumo wenyewe ni wa kale kuliko wote hao. Wapigaji wa zumari za mfuko za Waskoti, ambazo wengi wetu tumezisikia katika magwaride, huwa na filimbi zinazoshikilia noti moja chini ya wimbo bila kubadilika. Wahindi nao wana tanpura, ambayo kazi yake yote ni kumwekea mwimbaji sakafu ya sauti. Kijana aliponikumbusha haya nilinyamaza, kwa kuwa kila asubuhi ya miaka 22 kiongozi wetu wa bendi alitushurutisha kupuliza noti moja ndefu mpaka pumzi iishe, kabla hatujaruhusiwa kupiga wimbo wowote. Tuliiona adhabu.

PUTO KATIKA GHALA LA BARUTI

Tangi lile halifunguliwi kwa kila mpita njia, kwa hiyo tulipanda kilimani penye vijia vya mizinga, ambavyo mgeni yeyote mwenye kurunzi anaweza kuviingia. Ndani kulikuwa baridi na unyevu. Kijana aliweka kinasa sauti chini, akanitaka nisimame kimya, kisha akatoa mfukoni puto la watoto, akalipuliza na kulichoma kwa sindano.

Paa! Mlipuko ulikimbia gizani, ukagonga ukuta wa mwisho, ukarudi, ukatupita na kwenda tena, mpaka ukawa pumzi tu. Mkono wangu ulikuwa umeshaenda kiunoni pasipo na bastola tena. Kijana alicheka, nami nikacheka, na kicheko chetu nacho kikatembea.

Maelezo yake yalikuwa haya. Mlipuko mfupi una noti zote ndani yake kwa mara moja, nene na nyembamba. Kinachorudi kutoka ukutani ni jibu la mahali penyewe, kama alama ya kidole gumba isiyofanana na ya mwingine. Kompyuta huihesabu sauti kwa tarakimu, mara 48,000 katika kila sekunde. Ukiipa programu jibu hilo la mahali, yaweza kulitwika kila chembe ya sauti nyingine yoyote: hufanya kana kwamba kila chembe ililipuka humohumo kama puto, kisha huzijumlisha zote. Hivyo jogoo wa Jinja aweza kuwika ndani ya ngome ya Marekani asiyoiona maishani mwake. Kwa njia ya namna hiyo wataalamu waliuiga mwangwi wa lile tangi, hata Oliveros na wenzake wakaweza kuupiga katika kumbi za kawaida bila kushuka shimoni.

Akaongeza jambo ambalo askari watalipenda. Huko Inchindown, kaskazini mwa Scotland, kuna matangi yaliyochimbwa ndani ya kilima kabla ya Vita Kuu ya Pili na wakati wake, ili kuficha mafuta ya manowari zisifikiwe na mabomu. Mtaalamu Trevor Cox aliingia katika mojawapo, akafyatua bastola kwa risasi baridi, akapima. Sauti ya chini iliendelea kwa sekunde 112, karibu dakika mbili, nayo ikaandikwa katika kitabu cha rekodi za dunia mwaka 2014. Ni ajabu kwamba sehemu mbili hizi zinazotunza sauti namna hiyo zilijengwa kwa ajili ya vita, tena hazikujengwa kwa ajili ya sauti kabisa.

Kisha kijana alikwenda garini akarudi na sanduku refu nililolitambua kwa umbo lake kabla halijafunguliwa. Alikuwa ameniazimia tromboni. Midomo yangu ilikuwa haijagusa ala hiyo kwa miaka kumi na zaidi. Nilijaribu wimbo wa gwaride, ukawa fujo tupu, maana kijia kilinirudishia kila noti juu ya mwenzake. "Baba, noti moja tu," alisema. Nikakumbuka adhabu ya asubuhi. Nikavuta pumzi, nikapuliza noti moja ya chini, nikaishika mpaka kifua kikauma. Nilipoacha, haikuacha. Iliendelea bila mimi. Ndugu msomaji, mtu mzima hupata nafasi chache za kusikia pumzi yake ikitembea peke yake gizani, na sijui kwa nini macho yalinilenga.

MVUA YA JINJA

Usiku ule tulilala hapohapo ngomeni, katika nyumba za zamani za jeshi ambazo wakati huo zilikodishwa kwa wageni. Kijana aliwasha kompyuta, akaifungua ile mvua niliyomtumia. Kiooni ilionekana kama safu ya vilima, na mahali pamoja palikuwa na kilele. "Huyo ni Mama na nguo zake," akasema.

Kwanza aliitengenezea nakala. Mvua yenyewe, kama ilivyonaswa, aliihifadhi mahali pake na kusema kwamba hiyo haiguswi kamwe. Katika nakala alichagua sekunde kumi, akazivuta mpaka zikawa dakika kumi. Kazi hiyo hufanywa kwa njia iitwayo Paulstretch, aliyoibuni Nasca Octavian Paul wa Romania mwaka 2006, nayo imo ndani ya programu ya bure iitwayo Audacity, ambayo mtu yeyote mwenye kompyuta aweza kuipata. Sauti hukatwa vipande vidogo vinavyopandana, kila kipande kikatandazwa, hata matone yakapoteza umbo lake na kubaki rangi tu. Kisha akaishusha sauti oktava moja, akaipitisha katika chujio linaloondoa ukali wa juu, akaitwika mwangwi wa kijia cha mizinga. Mwishoni akaiweka noti yangu ya tromboni chini kabisa, kama msingi wa nyumba, kwa sauti ndogo hata usingeijua ipo. "Ukiitoa tu ndipo utaikosa," aliniambia. Vyura wangu tena!

Akanipa vile vya kuvaa masikioni. Mwanzoni nilisikia upepo. Halafu upepo ukawa mzito, ukawa na uzito wa maji, maji mengi yaangukayo mbali nyuma ya miti. Nikavivua nikamtazama. "Hii ni Bujagali," nilisema.

Wasomaji wa mbali na Jinja wanivumilie nieleze. Mto Naili ukitoka Ziwa Viktoria ulikuwa na maporomoko kadhaa. Marehemu baba yangu alizoea kutusimulia kishindo cha maporomoko ya Ripon, yaliyozama mwaka 1954 lilipokamilika bwawa la umeme la Owen Falls, mimi sikuyasikia. Yangu yalikuwa Bujagali, mahali patakatifu kwa Wasoga, ambapo niliwapeleka watoto wakati wa likizo kula samaki na kutazama vijana wakipita na mawimbi. Mwaka 2011 nayo yalifunikwa na maji ya bwawa jipya, lenye mitambo ya megawati 250. Siulaumu umeme. Ndio unaosaga mahindi yetu, ndio unaojaza hiyo simu niliyonasia mvua. Lakini katika nyumba yetu yote hakuna aliyefikiri kunasa sauti ile, si kwa simu, si kwa chochote. Tulipiga picha. Katika picha maji yamesimama kimya.

"Nilikuwa na miaka 15," mwanangu alisema. "Nilidhani nitaikumbuka siku zote. Nilipokuja huku nikaona inanitoka kichwani kidogo kidogo. Miaka minne sasa naitafuta." Akanyamaza, kisha akasema bila ukali wowote, "Kile kipande ulichokiita friji, Baba, nacho kilikuwa Bujagali. Nilikifanya kwa maji ya bomba la bafuni. Hakikutoka vizuri."

Nilikuwa na maneno ya kuomba radhi, maana mzazi naye hukosa. Nikaona afadhali niyafanye kwa namna aliyoihitaji. Nikavaa tena vile vya masikioni, nikakaa kimya, nikasikiliza mpaka mwisho. Ilichukua dakika 24. Katikati, sijui dakika ya ngapi, kulipita kitu kama mwanga mwembamba juu ya maji. Ndiye mama yake, na nguo zake kambani, aliyevutwa hata ulimwengu mzima usingeweza kumtambua isipokuwa sisi wawili.

YA KUCHUKUA NYUMBANI

Kabla hatujaagana katika kiwanja cha ndege alinipa masharti, nami nawapa wasomaji, kwa kuwa hayahitaji fedha. Simu iwekwe juu ya kitambaa kilichokunjwa, isishikwe mkononi, maana vidole vina kelele. Izuiwe kupokea wito. Mnasaji ataje mahali, siku na saa, kisha anyamaze walau dakika tano, kwa kuwa dakika ya kwanza viumbe vyote humsikiliza yeye. Asimfukuze mtoto wala kuku anayepita, kwani huenda hao ndio watakaotafutwa baadaye. Na sauti ya asili itunzwe mahali pawili, isiguswe. Mchezo wote ufanywe katika nakala.

Jirani mmoja aliniuliza faida ya yote hayo. Nilimjibu kwa kumwuliza kama angeweza kunitolea sasa hivi sauti ya lango la kambi alikozaliwa, au kikohozi cha baba yake. Alikaa akifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotazamia.

Jioni ya kwanza nyumbani nilimchezea mama watoto ile mvua ya asili, bila kumwambia ni nini. Kabla sijaketi alikuwa ameshafika kambani anaanua nguo, na mbingu ni nyeupe haina hata wingu. Aliporudi na nguo kavu mikononi alinikemea ipasavyo. Kisha nikamchezea ile ndefu. Aliketi, nguo zingali mapajani, akasikiliza dakika zote 24. Ilipokwisha aliuliza, "Mtoto aliipata wapi Bujagali?" Nikamwambia ni mvua ya barazani kwetu, na kwamba yeye mwenyewe yumo ndani. Hakusadiki mpaka nilipompigia kijana simu akamweleza, nao wakazungumza usiku ule kwa muda mrefu, nami sikuwaingilia.

Tangu hapo kila Jumamosi jioni naweka simu barazani juu ya kitambaa, nataja mahali, siku na saa, kisha nanyamaza. Mama watoto huanua nguo zake mapema.